Alama za Magoti

Paukwa.

"Pakawa."

Mmeitika wachache. Walioketi nyuma nao waitikie, na wazazi pia, maana hadithi hii si ya watoto peke yao. Paukwa.

"Pakawa."

Haya. Nitakwenda polepole. Kuna mahali nitauliza, "Kwato zikafanyaje?" nanyi mtajibu, "Kwaru, kwaru." Tujaribu. Kwato zikafanyaje?

"Kwaru, kwaru."

Vizuri. Mtaona wenyewe kama mlio huo mtaupenda mpaka mwisho.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakijuliana hali kabla ya kunywa maji, palikuwa na mbuga pana, na katikati ya mbuga palikuwa na dimbwi. Maji yake yalitoka chini ya mawe. Hakuna mnyama aliyelichimba. Mungu aliliweka pale, na kila mwenye kiu alikunywa.

Walikunywa nyumbu. Walikunywa punda milia. Walikunywa swala na kanga. Na ngiri nao walikunywa.

Ngiri mnamjua. Ni yule mwenye meno yaliyopinda na vivimbe usoni, akikimbia mkia unasimama wima kama bendera ya shule. Shingo yake ni fupi. Ili mdomo ufike chini, hupiga magoti ya mbele. Anakula amepiga magoti, anakunywa amepiga magoti. Ndivyo alivyoumbwa. Basi kila alipokunywa, aliacha alama mbili katika tope, alama za magoti yake.

Sasa sikilizeni. Wanyama wengine walikuwa na desturi. Ngiri akishakunywa na kuondoka, anayefuata hakunywa mara moja. Aliinua mguu, akaparura tope pale penye alama za magoti mpaka zikafutika. Kwato zikafanyaje?

"Kwaru, kwaru."

Ndipo akainama, akanywa. Desturi hiyo waliiita kufuta magoti. Hakuna aliyejua nani aliianza. Hakuna aliyeifuatanisha na neno baya. Waliamkiana vizuri tu. "Hujambo, jirani." "Sijambo. Watoto hawajambo?" "Hawajambo, tunamshukuru Mungu." Kisha kwaru, kwaru. Nyumbu alikuwa akikojoa humo humo majini, na hakuna aliyefuta chochote. Magoti ya ngiri ndiyo yaliyofutwa.

Siku moja mtoto wa punda milia alimwuliza mama yake, "Mama, kwa nini tunafuta?"

"Tunasafisha."

"Pana uchafu gani?"

"Kunywa maji, mwanangu. Jua linazidi."

Mtoto akanywa. Siku nyingine hakuuliza tena. Naye akawa anafuta.

Bi Punda, mama wa mtoto huyo, alikuwa na rafiki. Rafiki yake alikuwa Bi Ngiri. Walizaa msimu mmoja wa mvua. Bi Punda alizaa dume, Bi Ngiri akazaa jike, akamwita Sikudhani, maana alikuwa amekwisha kata tamaa ya kupata mtoto. Watoto hao wawili walicheza pamoja kutwa. Sikudhani alimwita Bi Punda mama mdogo. Bi Punda alimwita Sikudhani mwanangu. Hayo yalikuwa kweli, hakuna aliyejifanya. Lakini Sikudhani akishakunywa, Bi Punda naye aliinua mguu. Kwato zikafanyaje?

"Kwaru, kwaru."

Na Bi Ngiri alikuwa akisikia. Alimshukuru Mungu kwa maji, akaenda zake.

Basi ukaja mwaka mbaya. Mvua haikunyesha. Majani yakawa makavu, yakawa vumbi. Dimbwi likaanza kurudi ndani, kila siku ukingo wake ukisogea karibu na mawe. Mwaka huo ndipo alipofika Kuro.

Kuro ni mnyama mkubwa wa huko mtoni. Ana pembe ndefu za kupendeza, na matakoni ana duara jeupe, kama aliyekalia chokaa mbichi. Na ananuka. Ananuka mafuta yaliyochacha. Lakini zile pembe zilikuwa ndefu mno, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Kuro akapanda juu ya kichuguu. Akasema, "Ndugu zangu, mimi si msemaji." Akasema mpaka vivuli vikahama upande wa pili.

Alisema, "Maji yanakwisha. Nani anayamaliza?"

Wakatazama maji.

"Mnaogopa kutaja. Basi nitawatajia mimi. Ni hawa wanaokunywa wamepiga magoti."

Vijana wa nyumbu wakatazamana. Bi Ngiri alikuwepo hapo hapo, Sikudhani amemwegemea mguuni. Bi Punda alikuwa kando yake.

Mzee Nyumbu akakohoa. Alikuwa mkubwa wa kundi lake, na si mkorofi. "Bwana Kuro," akasema, "hawa ni majirani zetu. Hatuna ugomvi nao."

"Hamna ugomvi. Vizuri sana, mzee wangu. Hebu niambie, hawa majirani wakishakunywa, wewe unafanya nini?"

Mzee Nyumbu akakohoa tena.

"Unafanya nini na mguu wako?"

"Ninafuta."

"Nani alikufundisha?"

"Marehemu baba yangu."

"Baba yako alinijua mimi?"

"Hakukujua."

Kuro akawageukia wote. "Mnasikia? Mimi nimefika juzi tu. Sikumfundisha mtu kufuta. Nimewakuta mnafuta. Mnafuta kwa sababu mnajua walivyo. Tofauti yetu ni ndogo. Nyinyi mnasema kwa kwato, mimi nasema kwa mdomo."

Kisha Kanga akacheka, keke-keke-keke. Nyumbu mmoja akacheka. Swala wakacheka. Mbuga nzima ikacheka, kama mtu aliyebanwa na kiatu siku nyingi na sasa amekivua. Bi Punda hakucheka kwa sauti. Alitoa pumzi puani tu, pfff.

Lakini Bi Ngiri alikuwa kando yake. Aliisikia pfff ile.

Siku hiyo hiyo Kuro akafanywa mkubwa wa dimbwi.

Sasa angalieni mambo yalivyokwenda. Zamani walifuta ngiri akishaondoka. Baada ya maneno ya Kuro, wakaanza kufuta angali papo hapo anainuka, tope likamrukia usoni. Kisha wakaanza kufuta angali anakunywa. Kwato zikafanyaje?

"Kwaru, kwaru."

Kanga akatunga wimbo. "Magoti, magoti, nani kayaleta? Magoti, magoti, yarudi kwao." Watoto wakauimba wakiruka. Mtoto wa punda milia naye aliuimba, na Sikudhani, kwa kuwa hakuelewa, aliuimba pamoja nao.

"Usiuimbe huo, mwanangu," Bi Ngiri akamwambia.

"Kwa nini, mama? Ni mzuri."

"Wewe usiuimbe."

Ngiri mmoja akamwendea Mzee Nyumbu. "Mzee, vijana wako wametusukuma leo. Wakubwa wetu wameanguka."

Zamani Mzee Nyumbu angewaita vijana akawakaripia. Sasa alitazama upande. "Siku hizi hawasikii," akasema. "Na nyinyi nanyi, mngekuwa mnakuja wakati wengine wameondoka."

Asubuhi moja wanyama wakaamka, wakakuta miiba imepangwa kuzunguka maji. Miti ya miiba imekokotwa, imelazwa, imebaki nafasi moja tu, na penye nafasi wamesimama vijana wa nyumbu. Ngiri wakaambiwa wanywe kwenye shimo la nje, penye maji yanayovuja. Nayo yalikuwa tope.

Mzee wa ngiri akamwuliza Kuro, "Bwana mkubwa, ni wewe uliyeagiza boma hili?"

Kuro akalitazama boma. Akalizunguka. "Mimi sijaagiza," akasema. "Nimeamka nimelikuta kama wewe. Ila ni boma zuri."

Na hapo Kuro hakusema uongo. Hakuwa ameagiza. Hakuna aliyeagiza. Kila mmoja alikuwa amekokota tawi lake.

Bi Punda pia? Bi Punda pia. Alileta tawi dogo. Alijiambia, dogo tu, wasije wakaniuliza langu liko wapi.

Jua likazidi. Shimo la nje likakauka. Ngiri wenye nguvu wakaondoka kutafuta maji mbali. Bi Ngiri hakuweza kuondoka, maana Sikudhani alikuwa ameanza homa, na miguu yake haikubeba safari.

Saa ya adhuhuri, wakati wengi wamejilaza vivulini, Bi Ngiri alikwenda kuchimba mizizi yenye majimaji. Sikudhani akatoka peke yake kwenye shimo lao la kulala. Akatembea kidogo, akapumzika. Akatembea kidogo, akapumzika. Mkia wake haukusimama. Akafika kwenye boma. Ndani ya boma, kando ya maji, alikuwa Bi Punda.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi?"

"Anachimba. Mama mdogo, naomba maji."

Bi Punda akaitazama miiba. Pale aliposimama mtoto palikuwa na tawi dogo. Alilifahamu. Lilikuwa lile lake. Angelisukuma kwa mguu lingeondoka, na mtoto angeingia, akapiga magoti, akanywa.

Akainua kichwa. Kijana wa nyumbu alikuwa akimtazama. Kanga alikuwa juu ya jiwe, ameinamisha shingo, naye akimtazama.

"Njoo jioni, mwanangu," Bi Punda akasema kwa sauti ndogo. "Jioni, wakipungua. Nitakufungulia mwenyewe."

"Jioni utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Ahsante, mama mdogo."

Sikudhani akarudi. Hakufika kwao. Palikuwa na shimo lililoachwa njiani, akaingia humo apumzike angoje jioni. Jioni Bi Punda alikuja kweli, akasimama karibu na tawi lake, akangoja. Mtoto hakuja. Bi Ngiri ndiye aliyemkuta, mle shimoni, amelala amekunja magoti.

Inna lillahi. Sisi ni wa Mungu, na kwake tunarejea.

Mbuga ile ilikuwa na utaratibu wa msiba. Mnyama akifiwa, majirani wote huja, kila mmoja na majani mdomoni, wakayaweka mlangoni pa mfiwa, wakakaa naye kimya. Mzee Nyumbu alipofiwa na mkewe, Bi Ngiri alikuwa wa kwanza kufika. Sasa Bi Ngiri alifukia udongo peke yake, kwa pua na kwa meno. Aliomba peke yake. Akakaa mlangoni mwake akingoja. Aliyewahi kumfukia mtoto anajua kungoja huko kulivyo. Asiyewahi, Mungu amwepushe.

Hakuna aliyekuja. Bi Punda alitoka na majani mdomoni, akafika nusu ya njia. Akakuta kundi la nyumbu wanapita. Akayatafuna majani yale, akameza, akarudi.

Kisha mvua ikanyesha. Ikanyesha sana. Dimbwi likajaa, likafunika miiba. Huko mtoni majani mabichi yakaota, na Kuro akanusa hewa, akaondoka. Hakuaga mtu. Lile duara jeupe likaonekana likienda, likienda, likapotea.

Ndipo wanyama wakakusanyika. Na wote walikuwa na jambo moja la kusema.

"Ni Kuro," akasema Kanga. "Mimi tangu siku ile nilisema huyu atatuponza."

"Wewe ndiye uliyetunga wimbo," swala mmoja akamwambia.

"Nilitungiwa na njaa. Usiniletee maneno."

"Na alikuwa ananuka," akasema Nyumbu kijana.

"Ananuka jamani," wote wakasema. "Mafuta yaliyochacha." Wakasema hivyo kwa muda mrefu, na wakajisikia nafuu.

Mzee Nyumbu akasema, "Tulikuwa tukiishi vizuri hapa. Yeye ndiye aliyeleta chuki. Bi Punda, wewe ni rafiki yake Bi Ngiri. Nenda kamwambie Kuro ameondoka, kila kitu kimerudi kama zamani. Aje anywe."

Bi Punda akaenda. Alikwenda na majani mdomoni. Akamkuta Bi Ngiri mlangoni, amekonda. Akayaweka majani chini. Bi Ngiri akayatazama. Hakuyagusa.

"Pole, dada," akasema Bi Punda.

"Nimepoa."

"Kuro ameondoka."

"Nimemwona akipita."

"Wazee wamenituma. Wanasema Kuro ndiye aliyetuharibu. Wanasema sasa kila kitu kimerudi kama zamani."

Bi Ngiri akayatazama tena yale majani. Kisha akauliza, "Mwanangu alipofika kwenye boma, Kuro alikuwepo?"

Bi Punda akatazama kwato zake. "Hakuwepo."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi."

"Alikuomba?"

"Aliniomba. Nikamwambia aje jioni." Bi Punda akainua kichwa. "Alisema ahsante, dada. Aliniambia ahsante."

Bi Ngiri akafumba macho. Alipoyafumbua alisema polepole, "Hilo ni lako na Mungu wako. Sina la kukusaidia. Lakini usiniambie Kuro aliwaharibu. Kufuta magoti mlianza lini?"

"Tangu bibi zetu."

"Na Kuro alikuja lini?"

"Juzi." Bi Punda akaongeza, "Lakini dada, zamani tulifuta tu. Hatukuwafukuza. Mtoto wako alikuwa akinywa. Kuro naye ana lake. Huwezi kumtoa lawamani."

"Simtoi. Sikiliza. Mgongoni mwako kuna kupe. Mdogo, kama punje ya ulezi. Umemzoea hata humhisi. Kuro hakukuletea kupe huyo. Alimkuta. Lakini alimkuta kama punje, akamwacha amevimba kama zabibu. Basi sasa Kuro ameondoka. Kupe ameondoka naye?"

Bi Punda akajitazama mgongoni.

"Mnaniambia mmerudi kama zamani," akasema Bi Ngiri. "Hiyo zamani yenu mimi nilikuwemo. Nilikuwa nikiisikia."

Akainuka. "Nitakuja kunywa. Si kwa sababu mmeniita. Nina kiu, na maji ni ya Mungu."

Wakaenda. Bi Ngiri mbele, Bi Punda nyuma. Wanyama wote walikuwa wamekusanyika ukingoni. Wakampisha njia pana kuliko ilivyohitajika. "Karibu, jirani." "Pole na msiba." "Kuro alituponza, jirani." Bi Ngiri akapita. Akafika majini. Akapiga magoti. Akamshukuru Mungu, akanywa. Akanywa taratibu, nao wakatazama. Akainuka, akasogea kando, akasimama.

Katika tope zikabaki alama mbili. Zamani zilikuwa nne, mbili kubwa na mbili ndogo. Sasa zilikuwa mbili.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mzee Nyumbu. Alikuwa ametayarisha maneno mazuri ya kumwambia mfiwa. Akasogea. Akazitazama alama. Akafungua mdomo aseme. Na kabla neno halijatoka, mguu wake wa kulia ukainuka wenyewe.

Kwato zikafanyaje?

Naona leo hamjibu.

Ndiyo. Kwaru. Mara moja tu. Mguu ukaganda hewani. Alama moja ilikuwa imefutika nusu.

Kila mnyama aliisikia. Na wengi walitazama chini, wakakuta miguu yao nayo imeinuka. Ya swala. Ya nyumbu. Hata Kanga ameinua ukucha. Mzee Nyumbu hakujua auweke wapi mguu wake. Akiushusha, utagusa alama. Akirudi nyuma, wote watamwona. Akasimama hivyo na mguu juu, mzee mzima, mpaka machozi yakamtoka. Hakuna aliyesema ni Kuro. Kuro alikuwa mbali.

Mwishowe Mzee Nyumbu akarudi nyuma. Hakunywa siku hiyo.

Bi Punda akasogea. Akasimama mbele ya alama zile, moja nzima na moja nusu. Mguu wake ulimwasha, maana mguu una kumbukumbu yake. Ukatetemeka. Akaubana. Akainama, akanywa maji pale pale, alama zikiwa mbele ya miguu yake, na hakuzigusa. Alipoinua kichwa, jasho lilikuwa likimtiririka.

Bi Ngiri alikuwa akitazama. Hakumsogelea. Hakumwita dada.

"Leo umeuzuia," akasema. "Na kesho nitakunywa tena."

Akageuka, akaenda nyumbani kwake. Mkia wake haukusimama.

Haya, watoto, na wazazi wenu. Mafunzo yake ni haya. Kiongozi mbaya huikuta chuki kwetu, ndogo, tumeizoea, tunaiita usafi au desturi. Yeye huipa mdomo na huipa ruhusa, ikakua mpaka ikaua, na hilo ni kosa lake, ataulizwa. Lakini akiondoka haondoki nayo. Inabaki miguuni mwetu, nasi tutaulizwa. Kila mmoja autazame mguu wake.

Nami hadithi yangu naiacha hapo, ukingoni mwa maji. Mnaotoka, piteni polepole, msizikanyage alama.